Reli ya abiria Mombasa iongezwe mpaka wapi? Pima mwenyewe kabla hujaenda kwa kikao cha maoni

Uchaguzi ukikaribia lazima utasikia mtu juu ya gari na maikrofoni akiahidi treni, leo ya Mtwapa, kesho ya Likoni mpaka Ukunda, na watu wanashangilia manake nani asiyetaka treni. Hata mie naitaka. Swali ni ianzie wapi na ifike wapi, na hilo si la kuwaachia mainjinia peke yao. Ukiwa na kalamu, simu yenye ramani na asubuhi kadhaa za kusimama kwa stage, unaweza kufika kwa jibu ambalo haliko mbali na lao, na siku wakiitisha maoni ya wananchi hutakwenda pale kusema tu "twaunga mkono" ukapewa soda ukarudi nyumbani.

Tazama kwanza reli iliyoko

Tuna reli mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ya zamani, ile ya Mwingereza iliyoanza hapa kwetu 1896 ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, upana kati ya chuma na chuma ni mita moja, ndo manake yaitwa reli ya mita. SGR, ile reli mpya ya Nairobi iliyofunguliwa 2017, ni milimita 1,435. Behewa la hii halipiti kwa ile, hamna ujanja hapo. Sasa mtu akikwambia "si waivute tu SGR iingie mpaka mjini" muulize kona zitakaa wapi, manake SGR yataka kona pana na nafasi kubwa, na kisiwa kishajaa zamani. Ndo maana SGR ya abiria ikaishia Miritini huko bara, na ndo maana Kenya Railways wakarudi kwa reli ya mita, kuifufua kutoka Miritini mpaka stesheni ya zamani pale mwisho wa Haile Selassie, pamoja na daraja la reli pale Makupa. Kwa hivyo ukisikia "kuongeza reli ya abiria Mombasa" jua mazungumzo ni ya reli ya mita, ya dizeli, ya watu kwenda kazini na kurudi.

Hapo pana mtego. Simama Miritini treni ya Nairobi ikiingia. Utaona mama na sanduku la magurudumu, mtoto amelala begani, mkono mwengine ana mfuko wa Nairobi umejaa sukumawiki sijui ya nini huku Pwani, anabishana bei na dereva wa tuktuk, na nyuma yake manamba wanaita "mjini hao, mjini, Ferry!" na baada ya muda mfupi uwanja wote mtupu, hakuna mtu, mpaka treni nyengine. Huyo ni abiria wa safari. Abiria wa kazini ni mwengine kabisa: yuko kila siku, hana mzigo, ataka kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, na treni ikichelewa dakika ishirini mara mbili kwa wiki hutamuona tena. Ratiba ikipangwa kusubiri SGR ndo treni iondoke, yule wa Mikindani anayeingia zamu saa moja hamjamsaidia kitu. Basi mradi wowote ukiuona, swali la kwanza kabisa ni hili: treni yenu ni ya msafiri au ya mfanyakazi? Wakijibu "wote" waambie walete ratiba mbili.

Hesabu watu, halafu uulize washukia wapi

Chagua sehemu mbili tatu ambazo reli inapita karibu, tuseme raundabauti ya Changamwe, Mikindani na Mazeras. Fika saa kumi na moja na nusu alfajiri ukae mpaka saa mbili na nusu. Usihesabu magari yote, lori za kontena zitakupoteza bure. Hesabu matatu zilizojaa zinazoelekea kisiwani, zidisha mara 14, yaani viti vya abiria, hao waliosimama mlangoni wamekunja shingo waache nje ya hesabu manake polisi wakitokea pia wao huwaacha nje. Kisha kitu ambacho wengi hawafanyi: ongea na watu kwa foleni. Watoka wapi, washukia wapi, waingia kazini saa ngapi, jioni warudi saa ngapi. Andika kwa daftari, usitegemee kichwa.

Usishangae ukikuta wengi hawaendi mjini kabisa. Mtu anapanda Mazeras anashuka Miritini kwa yadi za kontena, mwengine Changamwe kwa viwanda na EPZ, vile viwanda vya bidhaa za kuuza nje, mwengine Kipevu, mwengine anavuka kidogo tu mpaka Shimanzi. Hii inabadilisha kila kitu. Treni inayoruka vituo vyote ikimbilie stesheni ya Haile Selassie itapigwa picha nzuri sana siku ya ufunguzi na itawapita watu wake barabarani wakiiangalia. Wakati mwengine jibu la "reli iongezwe wapi" si kilomita mpya, ni vituo viwili vitatu vidogo kwa reli ileile, jukwaa la zege, kibanda cha tiketi na taa. Bei yake ni kichekesho ukilinganisha na daraja.

Ukishajua wanashuka wapi, pima miguu. Wapangaji wa miji duniani hutumia kama mita 800, yaani dakika kumi za kutembea, kuwa ndo umbali ambao mtu atakubali kwenda kwa miguu mpaka stesheni. Fungua ramani kwa simu, chora duara la mita 800 pale kituo kilipo au kinapotarajiwa, angalia nyumba ngapi ziko ndani na je, kuna njia ya kupita au ni ukuta wa kampuni moja kwa moja. Manake Changamwe duara laweza kuwa na maelfu ya watu lakini katikati ni ukuta wa matangi ya mafuta, dakika kumi zikawa thelathini. Na anayekaa nje ya duara atapanda boda, na mtu akishapanda boda hataki tena kushuka apange laini ya tiketi, ataendelea nayo mpaka kazini.

Watu wako wapi na reli iko wapi

Hapa ndo pananiuma. Sensa ya 2019 Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita 154,171, Changamwe 131,882. Reli inapita wapi? Mvita, Changamwe, Jomvu. Ukijumlisha hao watatu ni 449,468. Kisauni na Nyali peke yao ni 508,507, na huko hakuna hata msumari wa reli. Kwa hivyo anayelia "treni ya Mtwapa" hajakosea hesabu, watu kweli wako kaskazini, na kila mtu aliyewahi kukaa kwa jam ya Nyali Bridge jioni anajua.

Ila idadi ya watu ni nusu ya hesabu. Nusu nyengine ni maji. Kutoka kisiwani kwenda Kisauni kuna mkono wa bahari wa Tudor, na huo mkono unaingia ndani bara, haukatiki haraka. Ama ujenge daraja jipya la reli pembeni ya Nyali, ama uzungushe reli kwa nyuma kutoka upande wa Mazeras na Rabai uje utokee Mtwapa, ambayo ni safari ndefu hivi kwamba matatu ya Mtwapa hata ikikwama Kiembeni itakushinda. Halafu ukifika Mtwapa ushaingia Kilifi, kaunti nyengine, mikutano mara mbili.

Likoni ndo ngumu zaidi, ingawa kivuko cha Likoni ndo mahali mtu yeyote angesema "hapa panahitaji kitu". Meli zinapita pale kuingia bandari ya Kilindini, kwa hivyo daraja lolote lazima liwe juu sana. Tuchukue mita 60 kwa mfano tu. Gari linapanda mlima bila shida, treni haipandi hivyo, chuma juu ya chuma kinateleza. Ukiipa mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100, ambao kwa treni ya kawaida tayari ni mkali, wahitaji kilomita 3 za kupanda upande mmoja na 3 za kushuka upande wa pili. Kilomita tatu ndani ya kisiwa ukianzia kwenye mlango wa bahari ushamaliza mji mzima ukitafuta pa kuanzia. Fanya hesabu hiyo mbele ya mwanasiasa uone anavyobadilisha mada.

Ardhi, na hapa nenda polepole

Reli ya zamani ina hifadhi yake, ardhi ya reli, na hiyo ndo faida yake kubwa kushinda kila kitu. Tembea kando ya reli uone kumekaa nini. Kuna sehemu vibanda vimeegemea kabisa, mama anaanika nguo kwa chuma, watoto wanatumia reli kwenda shule manake ndo njia isiyo na matope. Treni zikiwa mbili kwa siku watu wanaishi nazo. Zikiwa ishirini ni habari nyengine, lazima uzio, lazima vivuko vya miguu, lazima geti pale barabara inapokatiza reli, na lazima waliokaa pale wahamishwe kwa utaratibu. Nairobi walipitia hilo Kibera na Mukuru, wakalazimika kuwa na mpango wa kuwahamisha watu walio kando ya reli, na haikuwa kazi ya wiki moja.

Nje ya hifadhi Mombasa ina ugonjwa wake ambao mji mwengine hawaujui hivi: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga wewe au babu yako, una mpaka wapangaji ndani, lakini ardhi ni ya mwengine na unamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Kisauni imejaa hizo, Likoni pia, Majengo pia. Sasa reli ikipita hapo nani alipwe fidia? Mwenye hati atasema ardhi ni yangu. Mwenye nyumba atasema mie ndo navunjiwa. Mpangaji hata hataulizwa. Kwa hivyo mradi wa kaskazini ukiletwa mezani usiulize tu "fidia ni kiasi gani", uliza "fidia ni ya nani, na mwenye nyumba bila ardhi ameandikwa wapi kwa hii ripoti". Kama hayumo kwenye ripoti, mradi utakwama kortini hata kabla ya tingatinga kuwasha injini, na wa kulaumiwa ataitwa mwananchi.

Na kuna upande mwengine wa hii hadithi: kama kweli tunataka treni ya kaskazini siku moja, ukanda wa ardhi utengwe saa hii, kabla Bamburi mpaka Mtwapa hakujabaki hata upenyo wa punda. Kutenga si kujenga. Ni kuchora kwa ramani ya kaunti na kukataa kupitisha maghorofa juu ya huo mchoro. Hii ndo kitu cha bei rahisi kushinda vyote na ndo hakuna mtu anayekiahidi juu ya gari.

Treni ngapi kwa saa

Wengi wanauliza kilomita ngapi. Abiria anauliza treni inapita baada ya muda gani. Reli yetu ni ya njia moja, treni mbili haziwezi kupishana popote tu, lazima kuwe na mahali pa kupishana, yaani njia ya pembeni ambapo moja inasimama nyengine ipite. Tuseme treni inachukua dakika 40 kwenda na dakika 10 kugeuka kila mwisho. Bila pa kupishana, treni ni moja tu kwa reli, inaondoka kila baada ya dakika 100. Nani atasubiri dakika mia moja na matatu zinapiga honi pale nje? Weka sehemu moja ya kupishana katikati, weka treni ya pili, sasa ni kila dakika 50. Ukiirefusha reli bila kuongeza pa kupishana ndo unazidi kuharibu, safari inakuwa ndefu na treni zinakuwa chache. Huu ndo ugonjwa wa kurefusha reli kwa sifa.

Na kumbuka mizigo. Reli ya mita bado ina kazi ya mizigo ya bandari, sio yote imehamia SGR, kwa hivyo uliza waziwazi asubuhi na jioni ni nani anapewa njia kwanza. Wakikosa jibu, jibu ni mizigo.

Kwa uwezo pia usidanganywe na maneno ya "maelfu". Treni ya mabehewa matano, kila behewa watu 80, ni watu 400, sawa na matatu 29 hivi za watu 14. Safari nne asubuhi ni watu 1,600. Si kidogo, lakini haimalizi jam ya Changamwe, inaipunguza tu.

Wenzetu walianzaje

Dar walianza Oktoba 2012, wakachukua reli zilizokuwepo, moja ya kutoka Stesheni mpaka Ubungo na nyengine ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, watu wakaibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Hawakungoja reli mpya. Nairobi mwezi uliofuata, Novemba 2012, wakafungua stesheni ya Syokimau, halafu 2020 wakaleta treni za dizeli zilizokuwa zimeshatumika Uhispania. Wote waliingia kwa mlango mdogo. Addis Ababa wao walijenga mpya kabisa, ya umeme, 2015, nzuri kuiona, lakini baada ya miaka michache treni nyingi zikawa zimelala kwa kukosa spea. Spea ndo neno ambalo hutalisikia siku ya uzinduzi.

Mie ningeamua hivi

Magharibi kwanza. Baada ya Miritini, peleka abiria wa kazini mpaka Mazeras na kisha Mariakani kwa reli ya mita, ongeza vituo vidogo kati ya Changamwe na Miritini, na weka pa kupishana kabla hujanunua hata kiti. Ardhi ipo, chuma kipo ingawa kinahitaji kazi, na watu wa Mariakani, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini, ndo wanaoumia kwa nauli na lori za barabara ya Nairobi. Mtu atasema huko watu ni wachache kuliko Kisauni, sawa, lakini ni hao unaoweza kuwafikia bila kuvuka bahari.

Kaskazini, tenga ukanda na ufanye utafiti wa daraja, na wakati unangoja weka basi kubwa zenye njia yao kwa barabara ya Malindi manake hiyo inapanuliwa. Kusini, sahau treni ya kuvuka Likoni. Kama lazima reli iende kusini basi ipitie nyuma, upande wa Dongo Kundu ambako kuna eneo la viwanda, na hiyo itaanza kwa mizigo. Likoni yenyewe yahitaji feri za kutosha na basi linalosubiri pale chini na kupeleka watu moja kwa moja stesheni, saa za kazi, bila kuzunguka Mwembe Tayari.

Na hapo Haile Selassie pia pana kazi. Stesheni iko mwisho wa barabara, ukishuka pale mtu wa Ferry au wa Buxton bado ana safari. Kama hakuna stage rasmi nje ya geti, tuktuk watajipangia wenyewe na bei watajipangia wenyewe.

Ukienda kwa kikao

Jua unaongea na nani. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, reli ni kazi ya serikali kuu, kaunti haijengi reli hata gavana akitaka vipi. Lakini stage, taa, barabara ndogo za kufika stesheni, na kutenga ukanda kwa ramani ya mji, hizo kaunti haiwezi kuzikwepa, na zinatakiwa zionekane kwa ule mpango wa kaunti wa miaka mitano, CIDP. Kwa hivyo ukiwa na hoja kumi zigawe, za Kenya Railways na wizara upande huu, za kaunti upande ule, wasije wakarushiana.

Andika kwa maandishi, ukurasa mmoja au miwili, weka hesabu yako ya stage, tarehe na saa ulizokaa, sio "watu ni wengi sana". Maswali matano yatosha: treni ngapi kwa saa asubuhi, pa kupishana ni wapi, vituo viko wapi na umbali wa kutembea ni gani, nauli itakuwa gani ukilinganisha na matatu siku ya mvua, na nani analipa pengo kama nauli haitoshi, manake treni za abiria wa mjini karibu kila mahali duniani haziishi kwa nauli peke yake, na asiyetaja pengo hilo hajapanga kuziendesha zaidi ya mwaka. Nenda na wenzako wa mtaa, mtu mmoja akiongea peke yake wanamuona mkorofi. Toa nakala mbili, moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe juu yake, uiweke.